Alama za Oduor

Asembo Bay,
Jumapili, 12 Januari 2025

Kwako Perez, mdogo wangu wa pekee,

Pokea salamu kutoka kwa bibi wa watu! Hujambo? Macho yanaendeleaje na hizo kompyuta zenu? Huku sote wazima. Mama mkwe mzima, ng'ombe wazima, na mimi nimenenepa, ukiniona utacheka. Umefika Ahero kumwona Mama? Mwambie gauni la harusi nimelikunja vizuri na lile ua la begani lililong'oka nimelishona.

Wiki ya tano hii tangu tufunge ndoa, na bado nikiamka nashangaa. Perez, nimeolewa na mtu anayeimba akinyoa ndevu! Ijumaa anapotoka huko Kisumu, mimi tangu saa nane nimeoga, nimejipaka mafuta, nimekaa uani nikijifanya nachambua omena. Mama mkwe ananitazama. "Hizo omena, Debra, unazichambua tangu jana. Mwisho utaziacha bila macho." Nacheka tu. Bado napika kwenye jiko lake kama desturi inavyotaka, mpaka siku nitakayokabidhiwa langu, lakini hata hilo silioni mzigo. Moyo ukijaa hivi, kila kazi ni nyepesi.

Unaniuliza kwa nini barua na simu ipo. Simu ni ya kusema chumvi imekwisha. Tena yangu anaishika Oduor na yake naishika mimi, hatujui tena ya nani ni ipi. Mambo ya moyo nataka uyashike mkononi. Na tarishi tunaye: Oduor mwenyewe. Jumapili akirudi chuoni anakuletea, Ijumaa ananibebea jibu.

Sasa niambie, ni kweli wewe ndiwe unayemsahihishia kazi? Aliponiambia nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. Mdogo wangu ni mwalimu wa mume wangu! Anasema darasa zima linakuita TA, na kwamba unapita kati ya viti na mikono nyuma kama mkaguzi wa mtihani. Usimpe alama asizostahili. Lakini najua anastahili. Jumamosi tukishakula tunakaa mezani na maswali yake, anasoma, mimi naandika, tunaongea, tunacheka. Sikujua ndoa ina raha ya namna hii.

Nijibu upesi. Niambie kila kitu.

Dada yako mwenye furaha,
Debra

*

Kisumu,
Ijumaa, 17 Januari 2025

Dada Debra,

Nimefurahi kusikia umenenepa. Mimi mzima, ila mafua ya vumbi la Nyamasaria hayaniachi; barabara mbele ya chumba changu imechimbuliwa tena. Kwa Mama nilifika Jumamosi. Mpunga umestawi. Alinipa mchele na maneno: kwamba wewe umeolewa, mimi nakaa na mashine.

Ndiyo, ni kweli. Kazi yenyewe ya TA, yaani mwalimu msaidizi, ni hivi. Mimi niko mwaka wa tatu, na idara yetu huchukua wanafunzi wachache wa mwaka wangu kuwasaidia wa mwaka wa kwanza. Mwalimu wao wa programu ni Dakta Masinde. Kila Alhamisi mchana wanaingia maabara watu sitini, kompyuta arobaini na mbili, na mimi ndiye wa kuzunguka. Pia nasahihisha kazi wanazofanyia nyumbani, kila moja alama ishirini.

Mikono nyuma si maringo. Ni sheria ya Dakta: mkono wa TA usiguse kibodi ya mwanafunzi. Mtu akikwama, unamuuliza swali. Akikwama tena, unauliza lingine. Mwanzoni nilidhani ni ukatili. Siku moja msichana mmoja alihangaika nusu saa, nami nauliza tu, mara akaruka kitini akasema, "Nimeiona!" Sikumwonyesha chochote. Nilirudi chumbani nikitembea kwa miguu, nikiwa na furaha ambayo siwezi kumweleza Mama. Nadhani hii ndiyo kazi ninayoitaka maishani.

Shem hajambo. Mumeo anachekesha watu darasani. Kazi anazoleta kutoka nyumbani ni nzuri.

Msalimie mama mkwe.

Perez

*

Asembo Bay,
Jumapili, 9 Februari 2025

Perez wangu,

Salamu kemkem! Kikohozi cha mama mkwe kimeisha, ndama mwekundu amezaliwa, na kwaya wamenipa sauti ya pili. Sisi wazima, wazima, wazima!

KUMI NA NANE KATI YA ISHIRINI! Nilimrukia shingoni mbele ya mama mkwe, na aibu sikuona. Jumapili kanisani niliwaambia akina mama wote. Maryanne, yule jirani anayeuza mitumba, akaniuliza, "Sasa ni wewe uliyefanya mtihani ama ni yeye?" Wakacheka. Na mimi nikacheka, maana kidogo ni kweli!

Ngoja nikusimulie, utapenda. Jumamosi ile alisoma swali: mashine ichore pembetatu ya nyota, mstari wa kwanza nyota moja, wa pili mbili, hivyo mpaka wa kumi. Akasoma mara tatu, akafunga daftari, akasema kichwa kinamuuma. Mimi nilikuwa nafuma kitambaa cha kochi. Nikamwambia, "Oduor, si hiki hapa?" Kwa sababu kitambaa cha pembe tatu ndivyo kinavyofumwa. Unaanza na fundo moja, kila ukigeuka unaongeza moja, na kwenye karatasi ya mfano hawakuandikii mistari yote kumi, wanaandika "rudia". Basi nikachukua yale maneno ya mashine kutoka kwenye kitabu chake, nikayapanga kama mfano wa kitambaa. Ndani ya rudia nikaweka rudia nyingine, moja ya kuhesabu mistari, moja ya kuhesabu nyota. Yeye akaninakilia kwenye simu na kukuletea.

Na ile ya wiki iliyotangulia, ya kutafuta namba kubwa, hiyo pia nilifanya nikimenya viazi. Naona utamu wake, Perez! Oduor anakaa karibu ananitazama, anasema nina akili ya kutisha, ananibusu mkono. Nani aliye na bahati kama mimi?

Swali la wiki hii lina mtego, au siyo? Usiniambie!

Debra wako

*

Kisumu,
Ijumaa, 14 Februari 2025

Dada Debra,

Nimepata barua yako. Hongera kwa ndama na kwa sauti ya pili. Huku jua ni kali na maji ya mfereji yanakuja siku mbili kwa wiki. Viatu nilivyonunua sokoni Kibuye vimeachia soli.

Yule Maryanne bado huja Kibuye Jumapili kununua mitumba? Mwambie nitakuwa pale kwenye mafungu ya mashuka asubuhi ya tarehe 23. Nina kitambaa nataka akuletee.

Mengine tutaongea.

Perez

*

Kisumu,
Jumapili, 23 Februari 2025

Dada yangu,

Kitambaa hakipo. Ni barua hii tu. Ile iliyopita ilikuwa kavu kwa sababu ilipanda gari mfukoni mwa Oduor, na sikuweza kuandika habari za mtu nikampa mwenyewe abebe. Mama mzima. Sasa soma ukiwa umekaa.

Alama kumi na nane nilizotoa, nilikupa wewe. Sikujua. Nilidhani mwanzo anamlipa mtu, maana kazi ya nyumbani inakuja safi, na Alhamisi mbele ya kompyuta hajawahi kumaliza hata swali moja. Kila wiki mashine yake "imekwama". Siku ile baada ya pembetatu nilimwendea nikamwambia, "Igeuze tu, Shem. Kilele kiwe chini." Ni kubadilisha mahali pawili. Wewe ungefanya ukimenya viazi.

Alinitazama, akaegemea kiti. "Mke wangu mdogo," akasema kwa sauti, "pembetatu imesimama vizuri, wewe unataka kuiangusha kwa nini? Dada yako alikutuma?" Chumba kizima kikacheka. Na mimi nikacheka, nikapita. Unajua vile ilivyo. Kunitania ni haki yake kama shemeji, na nikimkunjia uso mimi ndiye mtu asiye na adabu. Lakini pale sikuwa shemeji yake, nilikuwa kazini.

Kuna jambo lingine. Septemba kabla ya kuanza nilitia sahihi fomu kwamba sina jamaa katika kundi langu, na nikipata nitasema. Septemba mlikuwa wachumba. Desemba nilishika maua nyuma yako kanisani, na Januari sikusema. Niliogopa wataniondoa.

Tarehe 13 Machi kuna jaribio. Wataingia kwa zamu mbili, kila mtu peke yake, mashine moja, saa moja, bila simu wala daftari. Dada, acha kumfanyia. Mwache akwame kuanzia sasa, bado siku zipo.

Nisamehe kwa kukuletea hili ukiwa bado unanukia harusi.

Perez

*

Asembo Bay,
Jumapili, 30 Machi 2025

Perez,

Salamu. Huku wazima. Mvua imeanza.

Barua yako nimekaa nayo wiki tano. Maryanne ameniuliza kila Jumapili kama kuna jibu, nikamwambia hakuna.

Wewe hujaolewa, kwa hiyo nitakueleza polepole. Kasisi alisema tumekuwa kitu kimoja, na ulikuwepo, ulisikia. Nikimpigia Oduor pasi shati, hakuna mtu chuoni anayesema hilo shati si lake. Nikimpikia, nguvu anazopata hakuna anayesema ni za Debra. Sasa kwa nini nikimpa na kichwa changu mnasema ni wizi? Ningempa figo mngenisifu.

Sikuacha. Niliendelea kumfanyia mpaka tarehe nane Machi. Sasa unajua.

Na wewe ulikuwa ukimwangalia anavyoshindwa wiki baada ya wiki na kuniandikia "Shem hajambo". Hilo limeniuma kuliko fomu yako.

Ijumaa ile ya tarehe 14 Machi, siku moja baada ya jaribio, alikuja kachelewa. Alisema ni kichwa. Tangu siku hiyo ananyoa kimya. Maswali hayaleti tena, nikiuliza anasema mwalimu hajatoa. Mama mkwe ameniuliza kama tumegombana, nikasema hapana, na ni kweli, hatujagombana. Hatuongei tu.

Alipata ngapi?

Debra

*

Kisumu,
Jumapili, 6 Aprili 2025

Nyaminwa, dada yangu,

Mimi mzima. Mama alianguka kidogo kwenye tuta la mpunga, goti limevimba lakini anatembea na kugombeza watu kama kawaida.

Alichopata sitakuambia. Si kwa hasira. Ni alama zake, na yeye ndiye wa kuzisema. Muulize.

Langu naweza kusema. Jumatatu baada ya jaribio nilienda kwa Dakta Masinde nikamweleza yote: fomu, barua zako, siku niliyocheka nikapita. Alisikiliza akiwa anapangusa miwani. "Tangu lini ni shemeji yako?" Nikasema tangu tarehe saba Desemba. Akasema, "Kwa hiyo keki mlikula wenyewe, mimi mnaniletea matatizo." Nilitaka kucheka, nikalia. Ameniondoa mwaka wa kwanza. Mpaka mwisho wa mwaka nakaa stoo ya idara, napanga nyaya na kuandika mashine zipi zimeharibika. Alhamisi mchana nawasikia ng'ambo ya ukuta wakibishana. Mama sijamwambia.

Kuhusu Oduor, Dakta alikuwa amwite Ijumaa. Hakungoja. Alikuja Jumatano mwenyewe, akasimama mlangoni na daftari, na kabla hajaulizwa lolote akasema, "Kazi za nyumbani si zangu. Zote." Mimi nilikuwa ndani narudisha funguo. Akitoka aliniambia, "Asante, Perez." Si Shem, si mke mdogo. Sijui kama atanitania tena, na sijui nitajisikiaje asiponitania.

Kazi zote za nyumbani amepewa sufuri. Atarudia somo hilo kuanzia Mei, na kundi jingine. Hakufukuzwa. Dakta alisema mtu aliyekuja kwa miguu yake mwenyewe huwezi kumfukuza kama aliyekamatwa.

Una haki kuhusu "Shem hajambo". Sina la kujitetea.

Jambo la mwisho, kisha ninyamaze. Swali lile la pembetatu, watu ishirini na sita kati ya sitini hawakuliweza. Wana kompyuta, wana vitabu, wana mimi. Wewe ulikuwa na uzi. Sijui nikufanyie nini na habari hii, nimeona tu uwe nayo.

Perez

*

Asembo Bay,
Jumapili, 25 Mei 2025

Perez wangu, mdogo wangu,

Salamu za kweli safari hii. Mama mkwe mzima, ndama anakimbia, goti la Mama nimesikia limepona. Mimi nimepungua kidogo, usicheke.

Nilimuuliza. Ilinichukua siku sita baada ya barua yako, mpaka Jumamosi, kupata mdomo. Alikuwa anatengeneza uzio wa kuku, nikamshikia waya, nikasema, "Oduor, ulipata ngapi?" Aliendelea kupiga misumari. Halafu akasema, "Mbili." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia tangu Januari kwamba haelewi. Perez, unajua alinijibu nini? "Nilikuona unafurahi. Umekaa pale na kitambaa chako, uso unang'aa, nikashindwa kusema sielewi. Wiki ya pili ikawa ngumu kuliko ya kwanza." Akasema darasani ana miaka ishirini na saba na wengine wana kumi na minane, wanamwita Mzee, na kitu pekee alichokuwa nacho ni kuwachekesha. Hapo ndipo nilipolia. Miezi yote hiyo nilidhani nampa kitu.

Nimekukosea. Lile neno la kwamba hujaolewa, lifute. Na nafasi yako umeipoteza kwa ajili yetu, nami nilikaa na barua yako wiki tano kama mtoto aliyenuna. Nikifikiria unawasikia ng'ambo ya ukuta, naisukuma sahani kando. Hilo la watu ishirini na sita nimeliweka mahali pake. Nalitazama mara kwa mara. Usiniulize bado.

Sasa nikusimulie Jumamosi ya tarehe 17. Alikuja na swali la kwanza la somo jipya. Tukala. Nikaondoa vyombo, nikatoka nje, nikakaa na mama mkwe kuchagua maharagwe. Ndani kimya. Baada ya saa moja akaita, "Debra! Hebu njoo kidogo." Perez, katika ndoa yangu yote sijafanya jambo gumu kama kukaa pale. Nikajibu, "Nina maharagwe!" Mama mkwe akanitazama: "Maharagwe yamekwisha." Nikamimina yale safi juu ya machafu, nikaanza tena. Yeye akasogeza ungo wake, akaanza tena na mimi.

Jioni jua likiwa bado lipo alitoka na karatasi. Mistari kumi na mmoja. Shati limelowa kama mtu aliyelima. Akasema, "Nimemaliza. Soma." Nikasoma. Mstari wa nne nikaliona kosa, limekaa wazi kama mbuzi sebuleni. Alianza kuhesabu mahali pasipostahili, na kwa hiyo kila kitu baada yake kimepotoka. Kidole changu kilitaka kwenda pale. Nilikiuma, kweli nilikiuma, yeye akadhani nafikiri.

"Iko sawa?" akauliza.

"Umemaliza," nikamwambia. "Ipeleke."

"Ndiyo, lakini iko sawa?"

"Oduor, mimi ni mkeo. Kuna mtu mwingine analipwa kukwambia hilo."

Akacheka. Kicheko chake cha zamani, Perez! Nilikuwa nimekikosa mpaka mifupa.

Akaenda nayo vile vile. Wiki nzima sikulala vizuri kwa sababu ya ule mstari wa nne. Ijumaa, juzi, akarudi. Akaiweka karatasi mezani pale mama mkwe alipokuwa anakunywa chai. TA wake mpya amechora duara jekundu kwenye mstari wa nne na kuandika swali pembeni, na juu ya karatasi ni sita. Oduor akakaa, akavuta kalamu, akaangalia lile swali muda mrefu, kisha akasema peke yake, "Ahaa. Nilianzia vibaya." Nikaenda nyuma ya nyumba nikacheza, nani aliniona, sijali.

Niliporudi mama mkwe alikuwa ameishika karatasi mbali na macho.

"Hii ni sita?"

"Ni sita, Mama."

"Kati ya ngapi?"

Nilimtazama Oduor, nikijua sasa utakuja mzaha. Hakutania. Alisema, "Kati ya ishirini. Na zote nimezipata mimi."

Dada yako,
Debra